Kikombe cha Mleta Maziwa

Barabara ya kutoka Gonja ikishaachana na tambarare na kuanza kupanda kwenda Mamba, kona ya kwanza ina nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma. Mlango mmoja unaangalia barabara, wa pili unaangalia shamba. Mbele ni genge: ndizi, magimbi, maharage, na tangawizi kwa fungu au kwa gunia. Ndani ni chumba chenye mabenchi na meza mbili, na jiko la kuni kwenye kona. Hapo watu hunywa chai. Kibao cha jina hakipo. Watu walisema tu, "Tukutane kwa Rogathe."

Rogathe alifariki mwezi wa nane. Alianza kwa kulalamika kifua, akapelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani kimya. Walimzika kule juu nyumbani, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe akiwa bibi harusi.

Mumewe, Mzee Tumainieli, hakulia mbele za watu. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana. Shule aliiona kwa nje, akipita na mbuzi wa baba yake. Alichojua ni shamba. Akiona jani la tangawizi tu alijua chini kuna nini. Rogathe ndiye aliyepewa maneno ya watu wawili, na aliyatumia yote bila kubakiza.

Matanga yalipoanuliwa, binti yao Eliaichi, fundi cherehani kule Moshi, alikaa na baba yake kibarazani.

"Baba, twende Moshi."

"Nikafanye nini Moshi?"

"Ukae."

"Kukaa naweza hata hapa."

Eliaichi akakunja khanga yake, akaikunjua. "Na kule barabarani? Fanueli anapataka. Anasema atafungua duka la spea za pikipiki."

Fanueli alikuwa mtoto wa mdogo wake Tumainieli. Kijana mchapakazi, hana baya na mtu.

"Nitauza mimi," Tumainieli akasema.

"Tangawizi?"

"Na chai."

Eliaichi alitaka kucheka, akakumbuka wako msibani. "Baba, tangu lini wewe umeshika sufuria?"

"Moto naujua."

"Moto unaujua, haya. Tukubaliane. Krismasi nakuja. Nikikuta watu wamekaa wanakunywa chai, sisemi neno. Nikikuta panya, Fanueli anachukua, na mimi na wewe tunapanda gari kwenda Moshi. Sawa?"

"Sawa."

Hakumwambia sababu. Nyumba ya juu ilikuwa na kitanda, na nusu ya kitanda ilikuwa baridi. Lakini kule barabarani khanga ya Rogathe ilikuwa bado juu ya msumari. Mwiko wake ulikuwepo, na kigoda chake kilicholika upande mmoja kwa kukaliwa. Siku Fanueli akiingiza matairi na makopo ya oili, vitu vile vitakwenda wapi? Mtu huzikwa mara moja. Tumainieli hakutaka kumzika mkewe mara ya pili.

Akafungua. Akafagia, akapanga mafungu ya tangawizi mezani, akaingia kwenye jiko. Majivu yalikuwa yamejaa mpaka mdomoni. Akatafuta cha kuchotea. Vikombe vyeupe vilikuwa kwenye kikapu, vimefunikwa kitambaa. Lakini ukutani, peke yake juu ya msumari, kilining'inia kikombe cha bati cha bluu, rangi imebanduka mdomoni. Hiki kimeshazeeka, akaona. Akakishusha, akachotea majivu.

Alikuwa bado ameinama alipoona kivuli mlangoni. Alikuwa Nailantei, mama wa kifugaji kutoka maboma ya chini kwenye tambarare, dumu la maziwa mgongoni, limefungwa kwa kamba ya ngozi kipajini. Tangu mwanawe Lemayian hajaota meno alikuwa akimletea Rogathe maziwa. Sasa Lemayian alikuwa na ndevu na ng'ombe wake mwenyewe.

"Takwenya," Tumainieli akamsalimu Kimasai.

"Iko," akaitikia. Lakini macho yake hayakuwa usoni pa mzee. Yalikuwa mkononi.

Tumainieli akanawa, akapokea maziwa, akamlipa, akamrudishia dumu lake. Nailantei akaendelea kusimama, kama mtu aliyeahidiwa kitu.

"Kuna nini, Mama Lemayian?"

"Hakuna."

Akaondoka.

Tumainieli akamimina maziwa kwenye sufuria. Kisha akatwanga tangawizi. Alikuwa ameing'oa alfajiri, changa, ngozi yake ikitoka kwa ukucha. Mkulima wa tangawizi hawezi kuwanywesha watu chai ya woga, alijisemea. Akatwanga ya kutosha mikono miwili, akaitumbukiza yote kwenye maziwa, akachochea kuni. Alikaa akingoja yachemke. Hayakufika kuchemka. Yalipopata joto tu yakaanza kugawanyika, maji huku, mabonge huku, mpaka sufuria ikawa kama ya mgonjwa.

Mteja wa kwanza alikuwa Yahaya, dereva wa bodaboda, Msambaa aliyeoa Gonja. Mdomo wake haukuwa na breki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Yahaya akatazama ndani ya kikombe. "Hii ni chai au mtindi wa moto?"

"Kunywa."

"Nitainywaje, na kuna vya kutafuna?"

Wapakiaji wa magunia wakacheka. Tumainieli akamwaga sufuria yote kwenye migomba, akawapikia chai ya rangi. Wakanywa kwa adabu, kwa sababu ya msiba.

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Akabadilisha sufuria. Maziwa yakakatika. Akaisugua kwa mchanga, akapunguza moto, akaongeza tangawizi ili izibe harufu. Yakakatika vibaya zaidi. Wateja wakaanza kusimamisha pikipiki zao mbele kidogo, kwa mama mwingine mwenye chupa mbili za chai chini ya mwavuli. Walipita wakipunga mkono. Ule mkono ulimuuma kuliko kama wangemtukana.

Angeweza kuuliza. Wanawake wa jumuiya yake ya kanisa walipita kila siku, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mchoyo wa neno. Lakini mwanaume mzima kuuliza chai inapikwaje, wakati mkewe alikuwa na hoteli? Akafunga mdomo. Na aliyefunga mdomo hutafuta wa kumlaumu.

Asubuhi moja Nailantei alipofika, Yahaya na wapakiaji wawili walikuwa wamekaa.

"Mama Lemayian, maziwa haya ni ya lini?"

"Ya leo. Nimekamua jogoo hajawika."

"Ya leo hayakatiki."

Nailantei akamtazama. "Unasema nini, Baba Eliaichi?"

"Nasema unaniletea ya jana, umechanganya na maji ya bwawa. Rogathe hayupo, basi umeona hapa kuna mjinga."

Wapakiaji wakatazamana. Hata Yahaya akashika kidevu, akatazama chini.

Nailantei hakupandisha sauti. Alifunga kifuniko cha dumu taratibu, akapitisha kamba kipajini. "Sisi maziwa hatuyatii maji," alisema. "Kwetu ni mwiko. Rogathe alijua." Akageuza macho ukutani, kwenye ule msumari uliokuwa mtupu. Kisha akatoka kwa mlango wa shamba.

Hakurudi.

Wiki zikapita. Mvua za vuli zikachelewa. Chai ya rangi haikumweka mtu benchini, maana chai ya rangi kila mtu anayo kwake. Genge liliuza mafungu mawili matatu, basi. Siku moja Fanueli alikuja na futi ya fundi.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Napima tu. Nisije nikanunua shelfu zikagoma kuingia."

"Pima."

Fanueli akapima ukuta wa jiko. Alipofika kwenye khanga ya Rogathe alisita, akaipitisha futi juu yake bila kuigusa. Tumainieli aliona. Kijana hakuwa na baya. Hilo ndilo lililofanya iwe ngumu.

Jumapili baada ya ibada, mzee akamwomba jirani yake wa kule juu amuuzie maziwa. Jirani alikuwa na ng'ombe mmoja wa ndani, analishwa majani bandani. "Nikamulie nikiona," Tumainieli akamwambia. Yule jirani akashangaa, akakamua. Tumainieli akasimama pale akitazama maziwa yakitoka kwenye chuchu, akayabeba mwenyewe hadi barabarani, yakiwa bado na uvuguvugu. Akatwanga tangawizi yake. Akatia. Akachochea.

Yakakatika.

Hapakuwa na mtu chumbani. Tumainieli akakaa kwenye benchi, mikono magotini. Ng'ombe huyu hakujua tambarare. Maziwa haya hayakupita kwa mtu yeyote. Basi yule mama alisema kweli, na yeye alimwita mwongo mbele ya watu.

Kwa nini maziwa yalikatika, bado hakujua. Lakini hilo lingeweza kungoja. Neno lile halikuweza kungoja.

Kesho yake asubuhi alipita mferejini, juu ya shamba, mahali ambapo nyasi huwa mbichi hata kiangazi. Akang'oa za kujaza mkono mmoja. Alilijua jambo hili tangu akiwa mchunga mbuzi. Yeye na watoto wa kifugaji walipigana sana chini ya mlima, kwa ajili ya maji. Mmoja akizidiwa, au akitambua kosa lake, aling'oa nyasi akaziinua juu. Ukiona nyasi, fimbo inashuka. Hakuna kuulizana.

Yahaya alikuwa kona ya barabara anafuta pikipiki.

"Nipeleke chini, kwa kina Lemayian."

Yahaya akatazama zile nyasi. Kwanza hakucheka. Kisha akashindwa kujizuia. "Mzee, nilijua mtafika huku. Nyie Wapare! Mtu anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sasa kesi umeshindwa na ng'ombe huna."

"Washa pikipiki."

"Naiwasha, Babu. Shikilia majani yako."

Jua la tambarare halina huruma. Mbele ya boma la miiba Yahaya alimshusha, akabaki kivulini mwa mgunga. Nailantei alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake, anasafisha kibuyu kwa kijinga cha moto. Alimwona mgeni, akaendelea na kibuyu chake.

Tumainieli akasimama. Akainua mkono wenye nyasi.

Nailantei akatazama. Akatazama tena. "Baba Eliaichi, umeniletea nyasi kavu?"

"Zilikuwa mbichi nilipoondoka."

"Hizi hata ndama hali."

"Ndizo nilizo nazo."

Mama yule akaweka kibuyu chini. Bega lake likatikisika kidogo, akageuka ili kicheko kisionekane, lakini kilionekana. Akasimama, akazipokea nyasi kwa mikono miwili.

"Kaa," akasema.

Akakaa juu ya gogo. Alikuwa ameandaa maneno njiani, yote yakampotea. "Nilikuita mwongo," alisema. "Wewe si mwongo. Nimeona kwa macho yangu, maziwa ya ng'ombe wa mlimani nayo yamekatika."

"Uliyafanyaje?"

"Nilitia tangawizi, nikaweka motoni."

"Ndani ya maziwa? Maziwa mabichi?"

"Ndani ya maziwa."

Nailantei akapiga kofi paja lake. "Yeyo! Umekunywa chai ya Rogathe miaka yote hiyo, hujawahi kumwona anaipika?"

"Nilikuwa shambani."

Ilikuwa kweli. Alileta gunia mlangoni, akalitua, akanywa chai yake amesimama, akarudi kwenye matuta. Chai ilikuwa tayari siku zote, kama vile kunavyokucha.

"Sikiliza," Nailantei akasema. "Kwanza maji. Tangawizi inachemka kwenye maji peke yake, mpaka ukali wake ushuke. Halafu majani. Maziwa mwisho, mwisho kabisa. Mimi nilikaa pale nikimwona. Alikuwa anasema, 'Tangawizi ya mume wangu ina hasira kama mwenyewe. Isipotulizwa kwenye maji kwanza, itamgombeza kila itakayemkuta.'"

"Alisema hivyo?"

"Kila siku. Halafu anacheka peke yake."

Tumainieli alimtazama ndama aliyefungwa pale karibu. Alimtazama muda mrefu kuliko ndama anavyohitaji kutazamwa.

Nailantei akamwacha. Kisha akasema, sauti imeshuka, "Lakini maziwa hayakunifukuza pale. Mtu akiwa na msiba husema hovyo, nilijua utapoa. Ni kikombe."

"Kikombe gani?"

"Cha bluu."

Tumainieli akageuka.

"Kile ni changu," Nailantei akasema. "Rogathe alikitundika akaniambia, 'Hiki hakuna atakayekinywea.' Nikileta maziwa, hakumpa mtu chai mpaka mimi ninywe. Kikombe cha kwanza ni cha mleta maziwa. Nikinywa, wateja wote wanaona maziwa ni mazima, hakuna wa kuuliza ni ya lini. Ile siku ya kwanza nimefika, nimeona unakichotea majivu. Nikasema moyoni, basi. Rogathe amekwenda kweli."

Mzee alishika kofia yake kwa mikono miwili, akaizungusha.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua. Ndiyo maana nimepokea nyasi."

Alasiri ile Tumainieli alikaa na kile kikombe nje ya mlango wa shamba. Akakisugua kwa limau, na kwa majivu yaleyale yaliyokichafua, maana bati hupendezwa na majivu. Alisugua mpaka ndani pakaonekana peupe. Mdomoni pale penye pengo palibaki peusi, kama zamani. Akakisuuza kwa maji ya moto, akakirudisha kwenye msumari wake.

Asubuhi Nailantei alifika. Alikaa juu ya gunia karibu na mlango, mahali pake pa zamani. Tumainieli akabandika maji, akatia tangawizi, akangoja. Harufu ikapanda, kali, ikamfanya apige chafya. Ikatulia. Akatia majani. Akamtazama Nailantei, Nailantei akatikisa kichwa, bado. Halafu akakubali kwa nyusi. Maziwa yakaingia, chai ikageuka rangi ya udongo wa mlimani mvua ikinyesha. Ikapanda mpaka ukingoni.

Haikukatika.

"Kaa sasa," Nailantei akasema. "Rogathe alikuwa akikaa inapofika hapo."

Karibu na jiko kulikuwa na kigoda cha Rogathe tu. Hakuwahi kukikalia tangu mazishi. Alikizunguka, alikiruka, alikifagia chini yake. Akakikalia. Kilikuwa kimelika upande wa kushoto, na mwili wake ukainama kidogo upande huo, kama mtu anayesogea amsikie mwenzake.

Akamimina kikombe cha kwanza, akampa kwa mikono miwili.

Nailantei akanywa, akafikiri. "Sukari haitoshi."

"Nitaongeza."

"Ongeza."

Tangu siku ile kila asubuhi Nailantei aliacha maziwa, na pamoja nayo aliacha kipande kimoja cha Rogathe. Hakupanga. Yalimtoka tu akiwa anapuliza chai yake. Kwamba Rogathe akiwa peke yake aliimba pambio, akisahau ubeti alitia jina la mteja yeyote, ubeti ukaendelea. Kwamba andazi kubwa kuliko yote alilificha nyuma ya kopo la majani, na mtu akiliuliza alisema limeungua. Tumainieli alikuwa amelila andazi lile miaka mingi. Alidhani maandazi yote yalikuwa makubwa.

"Na alikuwa akisikia kikohozi chako kwenye njia ya shamba," Nailantei alisema siku nyingine. "Anasema, 'Mzee huyo.' Ndipo anatia sukari. Hakutia kabla. Alisema ikikaa na sukari muda mrefu, wewe huipendi."

"Sikuwahi kumwambia hivyo."

"Hukumwambia. Aliona."

Wateja wakarudi, mmoja mmoja, wakijifanya wamepita tu. Yahaya akawa mtangazaji asiyelipwa. "Karibuni kwa Rogathe! Mtindi umekwisha, sasa ni chai!" Alipata bakora ya mwiko begani kwa hilo, na kikombe cha pili. Ikawa ada, chumba kizima kusubiri. Hakuna aliyegusa sufuria mpaka mama wa tambarare aonje na kusema neno lake. Na neno lake halikuwa la kusifu hata siku moja.

Desemba ikaleta watu. Milima ya Upare hujaa Krismasi. Magari ya Dar es Salaam, ya Arusha, ya Moshi hupanda na kreti za soda na watoto wanaoogopa mbuzi. Mvua zilizochelewa nazo zikaja zote kwa pamoja.

Eliaichi alishuka kwenye gari asubuhi, siku mbili kabla ya sikukuu, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Fanueli alikuwa amekuja kumpokea, futi yake mfukoni. Wakaingia.

Watu walikuwepo. Mabenchi yalijaa. Lakini meza zilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa na kikombe, na vikombe vyeupe vilikuwa vimefunikwa kwenye kikapu chao. Jikoni maji ya tangawizi yalichemka peke yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Karibu. Pole na tope."

Eliaichi akatazama meza. "Watu wamekaa," alisema pole pole. "Lakini hawanywi."

"Tunangoja," Yahaya akasema.

"Mnangoja nini?"

"Maziwa. Korongo limejaa usiku, mama hajavuka."

Fanueli akakohoa. "Baba mkubwa, hata hapo kwa yule wa mwavuli kuna maziwa ya pakiti. Nikimbie nikachukue? Dakika tu."

Tumainieli alijua binti yake anamtazama. Alijua walichokubaliana. Wapakiaji wangekunywa ya pakiti, hakuna ambaye angekufa. Alichochea kuni kidogo.

"Anakuja," alisema.

"Na asipokuja, Baba?"

"Atakuja. Alishasema."

Mvua ikapiga bati. Mteja mmoja akasimama, akatazama barabara, akaketi tena. Eliaichi alibaki amesimama na viatu vyake mkononi, na usoni mwake kulikuwa na kitu kinachofanana na huruma. Tumainieli alikiona, akakiogopa kuliko hasira.

Ndipo mlango wa shamba ukafunguliwa. Nailantei aliingia amelowa mpaka kiunoni, shuka limeshikana na mwili, dumu likiwa juu ya kichwa, kavu.

"Lile korongo lenu," alisema akihema, "lina tabia mbaya."

Yahaya akapiga makofi. Tumainieli akapokea dumu, akamwekea gunia karibu na moto. Hakuharakisha. Majani. Maziwa mwisho. Chai ikapanda. Eliaichi alikuwa na baridi, na harufu ile ilikuwa ya utoto wake. Mkono wake ukanyooka wenyewe kama ulivyokuwa ukinyooka zamani.

"Subiri kidogo, mwanangu," baba yake akasema. "Cha kwanza kina mwenyewe."

Akashusha kikombe cha bluu kutoka msumarini.

Eliaichi akakiona. Akiwa msichana mdogo alichapwa kofi moja tu na mama yake mahali hapa, nalo lilikuwa kwa kukigusa kikombe kile. Hakupata kujua kwa nini. Alimtazama baba yake akikijaza, akikibeba kwa mikono miwili, akiinama kidogo kumpa mama wa watu. Alivyoinama, aliinama upande wa kushoto.

Chumba kizima kikangoja. Nailantei akapuliza, akanywa, akafumba macho.

"Tangawizi imezidi," akasema.

Kicheko kikavunjika. Fanueli alicheka kuliko wote. Alikuwa ameitoa futi mfukoni, akaitazama kama anashangaa ilifikaje pale, akairudisha. "Mimi nitatafuta chumba kule stendi," alisema bila kuulizwa. "Pikipiki ziko kule, Baba mkubwa. Na mimi nipe chai. Ya sukari."

Eliaichi hakusema neno. Alikuwa ameahidi. Aliweka viatu vyake chini, akaichukua khanga ya mama yake kutoka ukutani, akainusa, akaifunga kiunoni. Kisha akafunua kikapu cha vikombe vyeupe, akaanza kugawa, akianzia kwa Yahaya, maana ndiye aliyekuwa na kelele zaidi.

Tumainieli akavuta kigoda, akaketi. Nyuma ya kopo la majani alikuwa ameficha andazi moja, kubwa. Alinyoosha mkono akalitoa, akamwita binti yake kwa kidole.

"Hili limeungua," akamwambia. "Kula."